Mwenye Kisima Hunywa Mwisho

Nilimtambua kwa namna alivyokunywa maji. Wafungwa wa boma letu walifungwa mnyororo wa shingoni, mtu nyuma ya mtu, na walipotoka kupasua mawe ya reli waliletwa kwenye pipa uani wakiwa bado katika mnyororo ule ule. Kila mmoja alivuta kwenda mbele, kwa maana jua la Ugogo halimwonei mtu huruma. Yeye alivuta kurudi nyuma. Alikuwa mtu mrefu mwenye shingo ndefu, na alipokaza visigino ardhini safu nzima ilisimama kama punda waliokutana na nyoka.

"Twende, mzee! Unatunyonga!"

"Pita wewe. Na wewe pita. Mimi nitafuata."

"Utapishaje watu na shingo zetu zimefungwa pamoja? Mnyororo haupishani, baba!"

Nyapara alimchapa siku ya kwanza, akamchapa siku ya pili. Siku ya tatu alichoka yeye nyapara, akamhamishia mwisho wa mnyororo, na pakawa na amani. Kuanzia hapo alikuwa anafika kwenye pipa wa mwisho, anainua kata, anaitazama kidogo kama mtu anayemsalimia mkubwa wake, ndipo anakunywa. Mara nyingi aliyokuta pipani yalikuwa matope. Aliyanywa vile vile, polepole, bila kukunja uso.

Mimi nilikuwa mkalimani wa boma, kijana mwenye kanzu safi na majivuno mengi. Kwetu ni Kondoa. Nilisomeshwa shule kubwa ya serikali huko pwani, nikaletwa Ugogo kwa sababu Kigogo nilikijua tangu utoto, kwa kuwa baba alikuwa akileta huku tumbaku na majembe. Tangu wakati ule nimelala miji mingi na nimeacha kazi nyingi. Mimi ni mtu wa njia, nikikaa mahali miezi michache miguu inaniwasha. Nimeona watu wakubwa wakipita na bendera na tarumbeta. Lakini nikiulizwa ni nani aliyenifanya nisimame wima bila kuamriwa, namtaja huyu mfungwa aliyekunywa matope kana kwamba ni maziwa.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Kwa maji alikuwa mkarimu, kwa tumbaku alikuwa bahili wa kutisha. Ndewe zake zilikuwa pana, zimening'inia karibu na mabega, na katika ndewe ya kulia alichomeka kijikopo cha ugoro kilichofungwa kwa ngozi. Mwenzake wa mnyororoni angeweza kulia machozi akiomba chembe moja, naye angejibu kwa upole mkubwa, "Umekwisha, ndugu yangu," huku anapiga chafya ya ugoro aliotoka kuuvuta. Askari mmoja Mnyamwezi, aliyekuwa mtani wake kama Wanyamwezi na Wagogo walivyo watani siku zote, alikuwa akimwambia:

"Wewe Mgogo, ukifa nitakata hilo sikio nizike lenyewe. Wewe utaliwa na fisi."

"Zika sikio tu," alijibu. "Fisi akinila atajua kwamba kabla ya leo alikuwa anakula Wanyamwezi."

Tena alikuwa mwongo, lakini mwongo wa jambo moja tu: simba. Alidai aliwahi kumwua simba kwa kigoda. Nilipoisikia hadithi mara ya kwanza simba alikuwa mchanga mwenye njaa. Baada ya mwaka alikuwa dume mwenye manyoya meusi, na kigoda kilikuwa na mguu mmoja. Ukimkumbusha alivyosema mwanzo, alikutazama kwa masikitiko: "Simba naye hukua, mwanangu."

Garimoshi aliliogopa waziwazi. Reli ilikuwa ngeni bado kwetu, na wafungwa walipopelekwa kupakua magogo kituoni alijifunika kichwa kwa mgolole kila filimbi ilipolia. Siku moja aliona wanavyolinywesha lile dude kwa mpira mnene, wakati wanawake wamesimama pembeni na vibuyu vitupu wakingoja ruhusa. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Kinakunywa kuliko mifugo ya mtemi," aliniambia. "Hakina ndama, hakina mtoto. Na kinakunywa kwanza." Akatikisa kichwa. "Nchi ambayo chuma kinakunywa kabla ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, nchi hiyo haitatulia."

Sasa niseme kilichomleta mnyororoni.

Kusini ya Zuzu, kwa mwendo wa nusu siku, uko mto wa mchanga. Maji yake hupita siku chache za masika kwa kishindo kikubwa, kisha huingia chini na kuacha mchanga mtupu. Anayetaka maji wakati wa kiangazi huchimba, na anayechimba ndiye mwenye kisima. Kila mwaka mafuriko yanakifukia, kila mwaka yeye yule na wanawe wanakifukua. Mwenye kisima hana haki ya kumnyima mtu. Haki yake ni kupanga nani anakunywa kwanza na nani anangoja. Wengi huanza na ng'ombe wao. Mzee huyu alianza na wageni, wachukuzi na wachuuzi waliopita kutoka Kondoa na kwingineko, kisha wanawake, kisha ng'ombe za watu, kisha ng'ombe zake. Mwisho wa wote alikunywa yeye. Alijifunza hivyo, aliniambia, mwaka mmoja wa ukame alipokuwa yeye mwenyewe mgeni kwenye kisima cha watu asiowajua, akiwa na ulimi uliovimba, na mwenye kisima akaziondoa ng'ombe zake ili yeye apite.

Jumbe wa ukingo wa mashariki, aliyepewa fimbo ya cheo na boma letu, hakupenda. Alitaka ng'ombe wake wanywe kwanza, na wapitaji wangoje jua lizame au watoe mbuzi. Alizungushia kisima boma la miiba na kuweka mlinzi. Mzee alikwenda akaikokota miiba kwa mikono mitupu mpaka viganja vikatoka damu, na mlinzi alipomshika, mzee akampiga kwa fimbo akamvunja mkono. Kwa mkono ule alifungwa miaka miwili. Kuhusu kisima, akida, mkubwa wa majumbe, alisikiliza pande mbili kivulini, akaamua ni cha jumbe. Shahidi mkubwa wa jumbe alikuwa ndugu wa huyu mzee mwenyewe, wa tumbo moja.

Ule mkono wa mlinzi haukumtoka moyoni. Kila mfungwa mpya aliyeletwa kutoka upande wa kwao, kabla ya salamu kumalizika, aliulizwa, "Mkono umepona?" Alipoambiwa umeunga lakini umepinda, alikaa siku nzima bila ugoro. Lakini nduguye hakumtaja kwa jina. Aliyeweza kuipisha dunia nzima kisimani hakuweza kumpisha ndugu yake moyoni. Nimeyaona yote mawili katika kifua kimoja, na sijui nikuambie yanakaaje pamoja.

Kila mwezi Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma letu, alikagua wafungwa. Walipangwa uani, naye alipita akiuliza nani ana neno, na mimi nilikuwa ubavuni pake kutafsiri. Mmoja aliomba blanketi. Mwingine alisema nyapara anamwonea. Mwingine aliapa kwamba ng'ombe alimfuata mwenyewe. Tulipofika mwisho wa mnyororo mzee alisalimu kwa Kigogo, kisha akasema neno lake:

"Mbukwenyi. Kifungo changu sina neno nacho. Nilivunja mkono wa mtu, na mkono wa mtu si mti. Shauri langu ni kisima. Akida amekosea. Nataka Bwana alitazame upya."

Bwana Shauri alikuwa mtu mkavu, mwenye ndevu nyekundu, asiyependa kuchelewa. Aliniuliza kama nimetafsiri sawa. "Anataka apunguziwe?"

"Hapana, Bwana. Anataka kisima."

"Yuko mnyororoni miaka miwili, kisima cha nini?"

Nilimgeuzia mzee swali lile. Alijibu bila kufikiri: "Mimi niko mnyororoni. Wenye kiu wako njiani."

Sijui ni neno gani lilimgusa Bwana Shauri, au kama kulikuwa na kilichomgusa. Labda alichoka tu kuombwa mablanketi. Aliagiza shauri liletwe barazani. Jumbe akaitwa, akaja juu ya punda na mwavuli wazi, na ramani ikatandikwa mezani. Bwana Shauri aliisoma kwa kidole, akauliza kisima kiko ukingoni au katikati ya mchanga. Katikati, walisema wote wawili, mdai na mdaiwa, kwa hilo hawakugombana. Basi, alisema Bwana, mpaka wa boma letu unafuata ukingo wa mashariki. Mchanga wote ni wa boma la upande wa machweo. Kwa hiyo akida hakuwa na haki ya kukata shauri lile, wala yeye hana. Liende huko.

"Na nani atalipeleka?" nikatafsiri swali la mzee.

"Kama analitaka, atembee nalo."

Alitembea nalo. Yule askari Mnyamwezi alishika mwisho wa mnyororo wake, mimi nikabeba karatasi ya Bwana, tukashika njia. Ninazikumbuka siku zile kuliko nyumba nyingi nilizokaa. Mtu aliyefungwa shingo alikuwa ndiye kiongozi wa msafara. Alituonyesha mahali pa kupumzika, alitukataza tunda hili akaturuhusu lile, na vijijini wanawake walipotoka kwenye tembe zao kutazama, alianza yeye kuwasalimu, nao wakaitika kwa magoti kana kwamba mnyororo ule ni ushanga wa utemi. Askari aliniambia kwa sauti ndogo, "Mkalimani, hebu nitazame vizuri. Nani amemfunga nani?"

Njia ilipita kwenye kisima chenyewe. Tulikifikia mchana wa jua kali, vibuyu vyetu vikiwa vitupu tangu asubuhi. Miiba ilikuwa imesimama palepale. Mlinzi alikuwa yule yule, mkono wake umepinda kama tawi. Alipomwona mzee alirudi nyuma hatua mbili.

"Usiogope," mzee alisema. "Nionyeshe mkono."

Mlinzi akauonyesha, kwa mbali. Mzee akautazama, akakohoa, akatazama pembeni. "Unaweza kushika jembe?"

"Naweza. Kurusha jiwe ndiyo siwezi."

"Usirushe mawe basi."

Kwa kuwa tulikuwa watu wa boma, mlinzi alitufungulia bila ya mbuzi. Askari alikunywa. Mimi nilikunywa. Tukamletea mzee kata imejaa, akatikisa kichwa.

"Mimi ni mdai. Kitu kikiwa shaurini mdai hakigusi. Huwezi kula nyama ya mnyama ambaye bado anapumua."

"Mzee," askari alisema, na safari hii hapakuwa na utani, "mbele hakuna maji mpaka kesho. Nani atakuona?"

"Kisima kitaniona."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alisimama pale mnyororo ukining'inia, akatazama maji ndani ya kata mkononi mwangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mwanawe aliye mbali: "Matamu?"

Maji yale yalikuwa na chumvi. Si kidogo. Yaliacha utando kwenye meno kama ulimi umepita kwenye jiwe la magadi. Nilimtazama askari, askari akanitazama.

"Matamu," nilisema.

"Matamu sana," alisema askari Mnyamwezi.

Mzee akacheka kwa furaha. "Hakuna kama hayo mpaka Kibakwe," akasema, na tukaendelea, yeye na kiu yake mbele yetu.

Boma la upande wa machweo lilikuwa na Bwana Shauri mwingine, kijana mnene mwenye homa, aliyejifunga shuka kiunoni juu ya suruali na kumeza kwinini yake mbele ya watu. Barazani walikuwapo wafugaji na wachuuzi wengi wakingoja mashauri yao. Jumbe naye alifika na mwavuli wake. Nilisoma karatasi, kisha nikasimama katikati kutafsiri. Bwana alisikiliza yote, hilo nalisema kwa haki yake. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole vinene. Mdai ni mfungwa wa boma lile. Mdaiwa ni jumbe wa boma lile. Hapa upande wetu pana kisima peke yake, na kisima hakiwezi kuja barazani kusimama. "Rufani hii naitupa," alisema. "Sina mamlaka nayo."

Nilimaliza kutafsiri. Jumbe alikuwa ameanza kufunga mwavuli. Nilijisikia vibaya hata nikashindwa kumtazama mzee usoni. Shingo yake ilikuwa kwa bwana mmoja na kisima chake kwa bwana mwingine, na katikati hapakuwa na mlango.

"Mkalimani," alisema mzee. "Namwomba Bwana ruhusa niulize."

Akaruhusiwa.

"Kisima ni cha upande gani?"

"Cha upande huu."

"Na jumbe huyu fimbo yake ni ya upande gani?"

"Ya kule."

"Fimbo ya kule inafanya kazi upande huu?"

Bwana Shauri aliacha kujifuta jasho. "Haifanyi," alisema.

"Na Bwana anaweza kumkataza jumbe huyu?"

"Nimeshasema. Siwezi."

"Na anaweza kumpa ruhusa?"

Hapo Bwana akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekanyaga shimo alilolichimba mwenyewe. "Siwezi hilo pia."

Mzee akageukia baraza. Hakupaza sauti. "Ninyi mliokuja na mashauri yenu mmesikia. Miiba ile haikuwekwa na serikali ya huku wala ya kule. Imewekwa na mtu, kama mimi. Na mimi nimefungwa, siwezi kuiondoa." Akakaa chini, akafungua kijikopo chake, akavuta ugoro. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akimpelekea mtu mwingine kijikopo kile. Alimpa mfugaji aliyekaa jirani yake.

Wafugaji watatu walikuwa wamekwisha simama na kuokota fimbo zao. Mashauri yao wenyewe waliyaacha.

Njiani askari alimwambia, "Umeshindwa, Mgogo, na unacheka!"

"Nimeshindwa mimi. Kisima hakijashindwa."

Tuliporudi mtoni miiba haikuwapo. Ilikuwa imerundikwa ukingoni na imechomwa moto, majivu bado ya moto. Ng'ombe walikuwa mchangani wakinywa kwa zamu, wachukuzi wamelala kivulini, matumbo yamejaa. Mlinzi alikuwa amekaa nao anakula karanga. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimjia mzee na kibuyu kwa mikono miwili.

"Baba, kunywa. Ni chako."

"Nani amesema ni changu?"

Mwanamke alishangaa. "Si mmetoka huko bomani?"

"Kule wamesema hawawezi kusema. Shauri halijakatwa, mwanangu. Mpe mtoto."

Watu walidhani anatania. Aligeuka akamwambia askari twende, na mnyororo ukalia mchangani. Hapo ndipo nilipoelewa alichofanya: kisima amekifungulia kila mtu, isipokuwa yeye.

Jumbe hakukubali upesi. Alikuja bomani kwetu kuomba askari waende kurudisha miiba. Bwana Shauri wa ndevu nyekundu alimwambia kisima si cha boma hili, amekwisha amua. Halafu akamwuliza imekuwaje aliweka miiba nje ya mpaka wake. Jumbe alitoka akasahau mwavuli, na wafungwa waliokuwa wakifagia uani wakampigia vigelegele kama bibi harusi. Mzee peke yake hakucheka. Alisema, "Mpelekeeni mwavuli wake. Kichwa chake hakina nywele."

Alimaliza kifungo chake chote bila kusamehewa siku moja. Alipotoka hakuniaga, alipita kwenye pipa uani, akangoja wafungwa wote wanywe, akanywa, akaenda zake. Kila kiangazi alikifukua kisima kile na wanawe kama zamani, akapanga watu, wageni kwanza. Wachuuzi wa kwetu Kondoa walinipa habari zake kila walipopita. Maji yake ya kunywa, walisema, huletwa na binti yake kwa kibuyu kutoka dimbwi la mbali. Wengine walimwona ana wazimu. Nduguye alipokufa alikwenda kuzika, akanyoa kichwa, akarudi kisimani kesho yake.

Kisha vita vikaja. Bwana Shauri wetu akaondoka, mwenye homa akaondoka, bendera ikashuka nyingine ikapanda. Ikafuata njaa, na katika njaa ile watu wengi walipita kwenye mchanga ule wakielekea popote. Walioiona njia hiyo hunyamaza ukiwauliza. Lakini hunyamaza wakiwa hai, na wengi watakuambia walikunywa wapi.

Mimi nilikuwa mbali, napiga miguu kama kawaida yangu. Ilipita miaka mingi kabla sijashuka tena kutoka vilima vya Kibakwe nikielekea Zuzu kupanda garimoshi, mtu mzima sasa, kanzu si safi tena. Mchana niliufikia mto. Mzee mwembamba alikuwa amekaa ukingoni kwenye kigoda, ndewe zake zikigusa mabega, kichwa cheupe. Palikuwa na watu na ng'ombe wakingoja.

"Mbukwenyi," nilisema. Akaitika, akaniita kwa mkono, na watu wote wakanipisha. Hakunitambua. Nilipewa kata, nikanywa.

"Matamu?" aliuliza.

"Matamu."

Akaniinamia karibu, akanitazama kwa macho yaliyokwisha fifia. "Ulisema hivyo hivyo siku ile," akasema. "Mkalimani. Mnyamwezi wangu yuko wapi?"

Nilimwambia alikufa vitani. "Nitamzika sikio," akasema mwisho, na akajifuta uso.

Tulikuwa bado tunazungumza alipokuja mzee mwingine, kipara kitupu, akiongoza punda mwenye madebe. Nilimjua kwa kipara, yule jumbe. Waingereza walikuwa wamempa mtu mwingine fimbo yake, na mwavuli sikuuona.

"Umeshakunywa, mkaidi?" alimwita kwa mbali, na waliokuwapo wakatabasamu kama watu wanaosikia wimbo wanaoujua.

"Bado. Wewe umeshasema ni cha nani?"

"Sisemi. Utakufa na kiu yako."

"Nitakufa. Teka maji, kuna watu nyuma yako."

Lakini yule aliyekuwa jumbe hakuteka. Alikuwa anatazama kibuyu kilicholala miguuni pa mzee. Kilikuwa kimeinamishwa mdomo chini.

"Kibuyu chako kikavu."

"Binti amejifungua. Hakwenda dimbwini."

"Tangu lini?"

"Juzi. Mtoto wa kiume, mzima."

"Sikuulizi mtoto! Nauliza tangu lini hujanywa."

Sasa niliona midomo ya mzee. Ilikuwa ile ile ya siku ile, imepasuka, na ulimi ulipopita juu yake haukuacha unyevu. Watu waliokuwa wakitabasamu waliacha. Jumbe wa zamani alimwachia punda kamba, akasimama mikono chini.

"Wewe si ndiye mkalimani?" aliniuliza. "Simama pale katikati. Tafsiri kama ulivyotafsiri barazani."

Nikasimama mchangani. Alisema kwa Kigogo, neno kwa neno, akingoja, na mimi nikayasema kwa Kiswahili kwa sauti ya boma, mbele ya wafugaji na wachuuzi na ng'ombe zao: "Kisima hiki alikichimba yeye. Nilikuwa nimekaa kivulini kule namtazama anavyochimba. Nilijua siku ile, nilijua kwa akida, nilijua kwa wazungu wote wawili. Ni chake. Nimechoka."

Alishuka kisimani mwenyewe, kwa magoti yake ya uzee, akateka, akapanda na kata inayomwagika. Mzee aliipokea. Nilidhani atakunywa. Akamnyooshea mchuuzi aliyekuwa mbele ya wanaongoja.

"Mgeni kwanza."

Hakuna aliyethubutu kubishana. Mchuuzi akanywa haraka haraka kwa aibu, kisha wa pili wake, kisha wanawake, kisha ng'ombe, na sisi tumesimama pale juani kama watu walio msikitini. Jumbe wa zamani alipanda na kushuka, alikataa kusaidiwa. Zamu yake ilipofika alikunywa akimeza kwa shida. Ndipo akateka kata ya mwisho akamwekea mzee mikononi, akaishikilia naye.

Mzee aliyatazama maji kama alivyokuwa akiyatazama kwenye pipa la boma. Akapiga funda moja. Akakaa nalo mdomoni muda mrefu, akameza, akanigeukia taratibu.

"Yana chumvi," alisema.

"Siku zote yana chumvi, mzee," alisema aliyekuwa jumbe. "Tangu ulipochimba. Umesahau ladha yake."

Mzee akainamisha kichwa, akanywa yote.